Darasa la jioni la Kiingereza, Soweto ya Mbeya: wiki nane za wakati ujao wa kuendelea

Mimi ni karani katika ofisi ndogo ya usafirishaji wa mizigo hapa Mbeya, na sehemu kubwa ya siku yangu hupita nikiwaeleza kwa Kiingereza wateja na mawakala wa forodha walioko Zambia lori letu litakuwa wapi saa fulani na litakuwa likifanya nini hapo. Mwaka jana, mvua za masika zikielekea kwisha, nilimwandikia wakala mmoja wa upande wa Nakonde kwamba gari letu "will cross the border at two o'clock". Nilikuwa nimekusudia saa mbili asubuhi. Yeye aliusoma ujumbe kama ulivyoandikwa, yaani saa nane mchana kwa hesabu yetu, tena kwa majira ya Zambia ambayo yako nyuma ya yetu kwa saa moja, kwa hiyo alitokea mpakani ilipotimia saa tisa alasiri ya Tanzania. Dereva na utingo wake walikuwa wamemsubiri kwa saa saba, foleni ilikuwa imewapita, na gari likalala Tunduma. Sikukaripiwa sana, ila nilijionea mwenyewe kwamba Kiingereza nilichotoka nacho kidato cha nne hakikuwa kikitosha kwa kazi ninayolipwa kuifanya, na ndipo nikaanza kuulizia darasa la watu wazima.

Darasa nililolipata halina bango. Linaendeshwa na mwalimu mstaafu wa sekondari katika chumba cha kupanga maeneo ya Soweto, mwendo mfupi kwa miguu kutoka barabara kuu iendayo Tunduma, na kwa kuwa mwenyewe hapendi jina lake litangazwe sitalitaja. Vipindi ni Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, kuanzia saa kumi na moja na nusu jioni hadi saa moja usiku, na mimi nililipa shilingi 80,000 kwa wiki nane pamoja na karatasi za mazoezi. Mafunzo yake ameyagawa kwa mada, si kwa madaraja ya wanaoanza na wanaoendelea, na mada niliyoichukua mimi ilikuwa ya kusema habari za wakati ujao. Ndani ya mada hiyo, zaidi ya nusu ya vipindi vilitumika juu ya umbo moja tu, lile ambalo vitabu vyetu huliita wakati ujao hali ya kuendelea: "will be" ikifuatwa na kitenzi chenye "-ing". Wapo walionung'unika kwamba ni muda mwingi mno kwa umbo moja. Baada ya kulitumia kazini kwa miezi kadhaa naona muda ule ulikuwa wa haki, na nitaeleza kwa nini.

Wengi wetu tulipitia umbo hili shuleni kama mstari mmoja katika jedwali la nyakati kumi na mbili, tukaukariri, tukaujibia mtihani, tukausahau. Tulisoma shule ya msingi kwa Kiswahili miaka saba, tukaingia sekondari ambako masomo karibu yote yalikuwa kwa Kiingereza, na hakuna aliyepata nafasi ya kutuonyesha kwamba jambo lile jedwali lilikuwa linalisema tulikuwa tunalisema sisi wenyewe kila siku. Mwalimu huyu alianza hapo. Jioni ya kwanza hakuandika neno hata moja la Kiingereza ubaoni. Aliandika sentensi mbili: "Ukifika ofisini tutapakia" na "Ukifika ofisini tutakuwa tunapakia", kisha akamgeukia kijana aliyekaa mbele na kumuuliza ni katika sentensi ipi mgeni atakuta kazi imekwisha kuanza. Kijana alijibu bila kusita. Mwalimu akachora mstari mrefu wa chaki, akaweka alama ya mtu anayefika, na akaonyesha kwamba katika sentensi ya kwanza upakiaji unaanza upande wa kulia wa alama ile, ilhali katika ya pili unaanza upande wa kushoto, unapita juu ya alama na kuendelea. Ndipo akaandika chini yake "When you arrive, we will load" na "When you arrive, we will be loading". Kwa watu wa mizigo tofauti hiyo ni fedha, kwa sababu mteja anayesoma ya kwanza anaelewa kwamba tunamngoja yeye ndipo tuanze, na anayesoma ya pili anajua kwamba asipowahi atakuta nusu ya shehena iko ndani ya turubai.

Kilichonivutia zaidi ni namna alivyotumia Kiswahili kueleza makosa yetu, badala ya kukilaumu. Katika shule nyingi tulizopita, aliyekosea Kiingereza aliambiwa anafikiri kwa Kiswahili, na maneno yakaishia hapo. Huyu alitueleza ni kitu gani hasa katika Kiswahili kinachozaa kosa gani. Tunaposema "lori litakuwa likivuka" tunataja kiambishi cha lori mara mbili, mara moja katika "litakuwa" na mara ya pili katika "likivuka", na masikio yetu yamezoea kusikia mwenye tendo akirudiwa. Ndiyo maana mtu huandika "The truck it will be crossing", akiona kwamba pasipo "it" sentensi imepungukiwa. Wengine hukumbuka "will" wakaisahau "be", wakapata "we will loading", kwa sababu "-ta-" ya Kiswahili ni silabi moja iliyobebwa ndani ya kitenzi na haihitaji msaidizi. Nao wanaokumbuka "be" huacha "-ing", wakapata "we will be load". Alitufundisha kuzihesabu sehemu tatu kwa vidole, bila kuruka hata moja, na ijapokuwa jambo hilo laonekana la kitoto, mpaka leo nikiandika ujumbe wa haraka kidole gumba changu huanza kuhesabu.

Jioni ninayoikumbuka kuliko zote ni ile ya "utakapofika". Nilikuwa nimeandika katika zoezi langu "We will be waiting when you will arrive", na nusu ya darasa walikuwa wameandika hivyo hivyo. Kanuni ya Kiingereza ni kwamba kishazi cha wakati kinachoanza na "when", "while", "until", "before" au "as soon as" hakichukui "will", hata kama jambo lenyewe ni la baadaye. Husemwa "when you arrive". Kanuni hiyo nilikuwa nimewahi kuisoma, lakini haikuwahi kukaa. Mwalimu aliuliza tulikuwa tukifasiri neno gani, tukasema "utakapofika", akatuambia tuangalie katikati ya neno hilo: u-ta-ka-po-fika. "Ta" imo. Tulikuwa tukiifasiri "ta" kwa uaminifu kabisa na kuipeleka mahali ambapo Kiingereza hakiitaki. Kisha akasema: "Msianzie kwenye utakapofika, anzieni kwenye ukifika, maana humo hakuna ta." Mama mmoja aliyekuwa amekaa nyuma yangu, anayekusanya parachichi za wakulima wa Rungwe kwa ajili ya wanunuzi wa nje, alipiga kofi moja la mshangao. Tangu siku hiyo sijaandika "when you will" tena, na sidhani kama ningeweza kupona kosa hilo kwa njia nyingine.

Kuna jambo la upande wa pili ambalo alilieleza vizuri, nalo ni kwamba katika mazungumzo ya kawaida sisi mara nyingi hatusemi "tutakuwa tukipita". Dereva akiulizwa kesho saa kama hii atakuwa wapi, husema "kesho saa hizi niko Makambako", kwa umbo la sasa kabisa, na kila mtu anaelewa. Tukiihamisha hiyo tunapata "Tomorrow this time we are in Makambako", ambayo msomaji wa Kiingereza anaielewa kwa taabu, au anadhani ni ratiba ya kudumu kama ya treni. Kiingereza kinataka "This time tomorrow we will be passing Makambako", na kama kinachotajwa ni mahali tu, si tendo, basi "we will be in Makambako" inatosha, bila "-ing" yoyote. Nilipenda kwamba hakutuambia Kiswahili cha dereva ni kibaya. Alisema ni ufasaha wa mtu ambaye safari yake ameishaiona kichwani mwake, ila Kiingereza kina njia yake ya kuonyesha hilo.

Suala la saa lilichukua vipindi viwili kamili, na mimi ndiye niliyelichokoza kwa kuusimulia mkasa wangu wa mpakani. Umbo hili la kuendelea halisimami vizuri bila nukta ya wakati: "at eight o'clock", "at this time next week", "all morning", "from Monday to Wednesday". Kwa hiyo anayelitumia vizuri halafu akakosea saa amejenga nyumba nzuri kwenye kiwanja cha mtu mwingine. Sisi huanza kuhesabu saa jua linapochomoza na wao huanza usiku wa manane na adhuhuri, hivyo tofauti ni saa sita, na kila mtu mzima wa Tanzania analijua hilo akiwa ametulia. Tatizo ni kwamba tunapokuwa tumeelemewa na sarufi, akili hulipa deni moja na kusahau jingine. Zoezi alilotupa lilikuwa la kusema kwa sauti, wawili wawili, mmoja akitaja saa ya Kiswahili na kazi, mwingine akijibu papo hapo: "Saa tatu asubuhi, kupima uzito." "At nine in the morning we will be weighing the truck." "Saa kumi jioni, kuvuka." "At four in the afternoon we will be crossing." Alisisitiza tutaje "in the morning" au "in the afternoon" kila mara, hata pale inapoonekana wazi, na kwa sisi tunaoshughulika na Zambia aliongeza kwamba tuandike pia ni saa ya nchi ipi. Shauri hilo halimo katika kitabu chochote cha sarufi nilichowahi kukishika, nalo kwangu ndilo lenye thamani kuliko yote niliyolipia.

Sehemu iliyofuata ilihusu heshima, nayo ilinifungua macho. Nilidhani "Will you come to the office on Monday?" na "Will you be coming to the office on Monday?" ni kitu kimoja, la pili likiwa refu tu. Kumbe la kwanza laweza kusikika kama ombi, au hata kama shinikizo la kumtaka mtu aamue sasa, ilhali la pili linauliza tu mpango wake ulivyo, kana kwamba muuliza hataki kumsumbua. Ndiyo sababu watu wa hoteli na ofisi za Kiingereza huwauliza wageni "How long will you be staying?" Mwalimu alituuliza sisi tunafanyaje tunapotaka kuazima gari la jirani. Hatuanzi na "niazime gari". Tunaanza na hodi na salamu, tunauliza habari za watoto, kisha tunasema "kesho utakuwa unalitumia gari?" na jirani anajua kinachokuja, ana nafasi ya kukataa bila kumwaibisha mtu. "Will you be using the car tomorrow?" inafanya kazi ile ile. Kijana anayewaongoza wageni kwenda Ziwa Ngozi alisema siku zote amekuwa akiwauliza wageni wake "Will you eat lunch?" na kushangaa kwa nini wanakunja uso kidogo. Sina hakika kama uso ulikunjwa kwa sababu hiyo, lakini sasa anauliza "Will you be having lunch with us?" na anasema mazungumzo yamelainika.

Kijana huyo huyo ndiye aliyeleta mfano bora wa matumizi mengine, yale ya jambo linalotarajiwa litokee kwa mwenendo wake bila mtu kuliamua. Huwapeleka wageni Kitulo pia, kwenye uwanda wa maua ambao wenyeji huuita Bustani ya Mungu na ambao tangu mwaka 2005 ni hifadhi ya taifa. Wageni huandika mapema kuuliza waje lini, naye alitaka kuwajibu kwamba mwezi wa Februari, mvua zikiwa bado zinanyesha, maua yatakuwa yamechanua. Mwalimu alimpa "In February the orchids will be flowering" na akatuonyesha kwamba hapo hakuna aliyepanga wala kuahidi; ni majira yanayofuata njia yake. Akalinganisha na "I will plant orchids", ambamo mtu ameamua.

Vilevile tulijifunza kwamba umbo hili halizungumzii wakati ujao peke yake. Mtu akipiga simu ofisini saa tano usiku akitaka kuongea na dereva aliyeendesha kutwa, nitamwambia "usimpigie sasa, atakuwa analala", na hapo "atakuwa" yangu haina habari ya kesho. Ni makisio ya jambo la sasa nisiloliona kwa macho. Kiingereza kinafanya vivyo hivyo: "Don't call him now, he will be sleeping." Furaha iliyotupata darasani tulipogundua kwamba lugha mbili zisizo na undugu zimekutana mahali hapo ilikuwa ya kweli. Tukaendelea dakika kumi nzima tukibuni mifano, juu ya nani atakuwa anafunga duka Mwanjelwa muda ule, nani atakuwa anapika, na nani atakuwa anatuulizia nyumbani kwa kuwa saa moja usiku ilikuwa imekwisha kupita.

Kuhusu vitenzi visivyokubali "-ing", ufundishaji ulikuwa mzuri ingawa wa haraka. Kwa Kiswahili "najua", "nataka", "naamini" na "naelewa" huchukua "-na-" sawasawa na "napakia" na "napika", kwa hiyo mtu hasikii tatizo lolote katika "kesho nitakuwa najua", na huandika "tomorrow I will be knowing". Kiingereza huyatenga maneno ya hali ya moyo na akili pamoja na ya umiliki, nayo husemwa "I will know tomorrow". Neno "have" ndilo gumu, kwa sababu "we will be having a meeting" ni sahihi, kikao kikiwa ni shughuli, lakini "we will be having two trucks" si sahihi pale maana inapokuwa kumiliki. Ningependa somo hili lingepewa jioni moja zaidi, likachukuliwa muda kutoka kwenye mazoezi ya kujaza nafasi zilizoachwa wazi, ambayo yalikuwa mengi kupita kiasi na hayakunifundisha kitu.

Swali langu mwenyewe lilihusu lori linalofanyiwa kazi. Kiswahili kinasema "litakuwa likipakiwa" kwa wepesi, nami nikataka kujua Kiingereza kinasemaje, maana "The truck will be loaded at eight" nilikuwa nimeiandika mara nyingi na wateja walikuwa wakiielewa kwa njia mbili: baadhi waliona kwamba saa hiyo upakiaji utafanyika, wengine kwamba saa hiyo lori litakuwa limekwisha kujaa. Mwalimu alisema umbo kamili lipo, "will be being loaded", lakini ni zito na watu wenyewe hulikwepa, akanishauri nimtaje mtendaji: "Our men will be loading the truck at eight." Na kama nataka kusema kazi imekwisha, basi "We will have loaded the truck by eight", ambayo ndiyo "tutakuwa tumepakia" yetu, yenye "-me-" mahali pa "-ki-". Kwa jibu hilo moja niliondoa mkanganyiko uliokuwa ukinirudia karibu kila wiki.

Sasa nieleze yasiyoridhisha, kwa kuwa yapo na anayetaka kujiunga anastahili kuyajua. Chumba ni kidogo. Tulikuwa watu 38, na benchi zilikuwa za watu wachache kuliko hao, hivyo wengine walisimama nusu ya kipindi. Nilisoma mwezi wa Juni na Julai, baridi ya Mbeya ikiwa kali kabisa, na mlango haukufungika vizuri. Uzito wa jambo hili ni mkubwa kuliko usumbufu wa mwili, kwa sababu katika wingi ule mtu huzungumza sentensi mbili au tatu kwa jioni, na umbo hili halikai kichwani bila kutamkwa. Mwalimu angegawa kundi mara mbili, hata kwa kuongeza ada kidogo, ningemlipa bila manung'uniko.

Karatasi za mazoezi nazo zina kasoro ambazo mwalimu mwenye uwezo kama wake hakupaswa kuziacha. Zimeandikwa "writting" kwa herufi "t" mbili mahali pawili, na neno "traveling" limewekwa katika orodha ya makosa ilhali ndivyo Wamarekani wanavyoliandika, Waingereza wakiandika "travelling"; yote mawili ni sahihi, mradi mwandishi ashike njia moja. Kosa kubwa zaidi ni kwamba karatasi inaamuru "I" na "we" zichukue "shall" sikuzote: "we shall be loading". Hiyo ilikuwa kanuni ya vitabu vya zamani vya Uingereza, na bado mtu anaweza kuikuta katika maandishi rasmi, lakini katika Kiingereza cha leo "will" hutumika kwa nafsi zote na hakuna mteja wa Lusaka wala wa Ndola atakayeiona kuwa ni kosa. Nilipomwuliza kwa upole baada ya kipindi, alikubali kwamba karatasi ni ya miaka mingi na kwamba yeye mwenyewe anapozungumza husema "will". Basi na aibadilishe, maana wapo wanafunzi waliofeli zoezi la mwisho kwa alama hizo tu.

Jambo la tatu ni masikio. Hakuna sauti iliyorekodiwa hata moja katika wiki zote nane, nasi tunaofanya kazi kwa simu tunaumia hapo. Mtu anayesema haraka hatamki "I will be". Husikika kitu kama "ailbi", na asiyewahi kukisikia hukosa kabisa kujua kwamba habari ni ya wakati ujao. Hatari zaidi ni "won't" na "want". "We won't be loading on Friday" ikisemwa kwenye simu yenye mkwaruzo, sikio la Mtanzania laweza kuipokea kama "we want", na maana ikageuka juu chini. Mwalimu alitupa tahadhari moja njema, kwamba katika ujumbe wa maandishi tuandike "will not be" kwa ukamilifu, na kwenye simu tumwombe mtu arudie. Nakubaliana naye, ila tahadhari haiwezi kuchukua nafasi ya mazoezi ya kusikiliza.

Ni nani anayefaa kwenda? Aliye na msingi wa kidato cha nne, hata kama umeota kutu, na ambaye kazi yake inamlazimu kupanga mambo na watu wasiojua Kiswahili: wa mizigo, wa wageni, wa mazao ya kuuza nje, muuguzi anayepokea madaktari wa kujitolea. Kwa anayeanza kabisa darasa hili litakuwa juu mno, kwa sababu maelezo yote yamejengwa juu ya kulinganisha, na mtu hawezi kulinganisha asichonacho. Wanafunzi wa sekondari wanaojiandaa kwa mtihani walikuwepo wachache, na ijapokuwa walielewa upesi kuliko sisi, nadhani hawakuhitaji kukaa juu ya umbo moja kwa muda wote huo.

Kwa upande wangu, ujumbe ninaompelekea yule wakala wa Nakonde sasa unasomeka namna hii: "The truck will be waiting at the Tunduma side from 8 in the morning, Tanzanian time, which is 7 in the morning your time. The driver will be carrying the original papers." Mara ya kwanza nilipouandika hivyo, alinijibu kwa mstari mmoja, "Thank you, I will be there", na alikuwepo. Gari lilivuka siku hiyo hiyo.

Mada inayofuata ya mwalimu huyu ni ile ya mambo yatakayokuwa yamekwisha kufanyika, ambayo kwetu huanza na "tutakuwa tumekwisha", nami nimekwisha kuweka jina. Anayetaka nafasi afike wiki moja kabla ya kipindi cha kwanza na alipe nusu ya ada mkononi, kisha siku ya kuanza awahi saa kumi na moja kamili, kwa sababu benchi zilizo karibu na ubao hujaa mapema na taa ya upande wa nyuma ni hafifu.